Mkono Kwanza, Silinda Baadaye: Kuchagua Fremu ya Rivolva ya Shabaha

Mtu akitaka rivolva ya kulengea shabaha, swali la kwanza analoulizwa huwa la kaliba, yaani saizi ya risasi. Ni .38 au .357? Ni .22 au .32? Kisha hufuata urefu wa mtutu, kisha vilengeo, kisha mbao za mpini. Fremu, yaani kiunzi cha chuma kinachobeba mtutu, triga na silinda ya risasi inayozunguka, huja mwisho, na mara nyingi haiji kabisa: mnunuzi huipata tu kwa kuwa kaliba aliyoitaka imeshafungwa ndani yake. Naamini mpangilio huo umekaa kichwa chini miguu juu. Mtutu unaweza kufunguliwa ukafungwa mwingine. Mpini unaweza kuchongwa upya. Springi hubadilishwa, triga hulainishwa, vilengeo hung'olewa vikapandikizwa vingine. Fremu haibadiliki. Nayo ndiyo inayoamua kidole chako kitaifikiaje triga, mtutu utakaa juu kiasi gani ya ngumi yako, na chuma kizito kiasi gani kitazunguka kila unapovuta.

Msimamo wangu nautoa mapema ili msomaji ajue anasoma maneno ya nani: kwa kulenga kwa usahihi, kwa mkono mmoja au miwili, kwenye mita 25 hadi 50, fremu ya kati ndiyo pa kuanzia, na mtu asiiache mpaka awe na sababu anayoweza kuitaja. Fremu kubwa husifiwa kupita kiasi kwa kazi hii. Fremu ndogo huonewa kidogo, lakini si sana.

Walenga shabaha wengi, hata wale wasiomiliki silaha ya Smith & Wesson, huzitaja fremu kwa herufi za kampuni hiyo kwa kuwa zimezoeleka. J ni ndogo, ya risasi tano za .38, na ilianza na Chiefs Special mwaka 1950. K ni ya kati; ilizaliwa mwaka 1899 na modeli ya Military & Police, na juu yake ndipo zilipojengwa rivolva za shabaha zilizolea vizazi kadhaa vya washindani: K-22 ya mwaka 1931, kisha K-38 na ndugu zake waliopewa jina la Masterpiece. N ni kubwa, ya mwaka 1908, iliyokuja pamoja na .44 Special. L ilichelewa sana. Ilitoka mwanzoni mwa miaka ya 1980 kujaza nafasi kati ya K na N. X ya mwaka 2003 ni jitu la .500 Magnum, na hapa halituhusu. Kwa makampuni mengine, Python ya Colt ya mwaka 1955 na GP100 ya Ruger ya mwaka 1985 zinakaribiana na L, na MR73 ya Manurhin wa Ufaransa nayo iko kwenye ukoo huo wa kati. Ninapozungumzia fremu ya kati hapa nina maana ya K, L na hao wanaofanana nao.

Herufi hizo hazikuwekwa na mamlaka yoyote ya vipimo. Ni majina ya ndani ya kiwanda yaliyotoka nje. Kwa hiyo mtu asinunue herufi. Anunue umbali wa kutoka mgongo wa mpini hadi kwenye uso wa triga, kimo cha mtutu juu ya mkono, unene wa silinda, na mahali uzito ulipolala. Vitu hivyo vinne ndivyo shabaha inavyoviona.

Umbali huo wa kwanza unastahili muda mrefu kuliko vyote, maana ndio usiosamehe.

Chukua rivolva, fungua silinda, kagua kila chemba kwa macho na kwa kidole, ifunge ikiwa tupu na uielekeze mahali salama. Sasa ishike kama unavyotaka kushika kwenye mstari wa kulenga: panda ya mkono, pale kidole gumba kinapoachana na cha shahada, ipande juu kabisa kwenye mgongo wa mpini, na ukitazama kutoka juu, mtutu na kigasha viwe mstari mmoja. Usiusogeze mkono kukisaidia kidole. Kipeleke kidole peke yake kwenye triga uone kinafika wapi. Ikiwa nyundo imekwisha kukokiwa, yaani unatumia mvuto mfupi, unataka nyama ya ncha ya kidole itue katikati ya triga, na sehemu iliyobaki ya kidole isiguse fremu ubavuni. Ikiwa unavuta triga ikoki na kufyatua kwa mpigo mmoja, yaani mvuto mrefu, kidole kinatakiwa kuingia zaidi, karibu na kiungo cha kwanza, kwa sababu kazi ni nzito.

Mwenye mkono wa wastani akifanya hivyo kwenye fremu ya N, mara nyingi kidole hufika kwa ncha tu. Hapo mwili hufanya kile ambacho mwili hufanya siku zote: hutafuta njia ya mkato. Mkono huzunguka kwenye mpini bila mwenyewe kutambua, kiungo cha kidole gumba kikaingia nyuma ya silaha, na mtutu ukaacha kufuata mstari wa kigasha. Matokeo ni mawili. Msukumo wa kurudi nyuma, ambao ulitakiwa upite kwenye kigasha hadi begani, sasa unapiga kwenye kiungo cha gumba na kuigeuza silaha pembeni, hivyo baada ya kila risasi unalazimika kushika upya. La pili ni baya zaidi: kidole kinachofika kwa shida hakivuti triga moja kwa moja kwenda nyuma. Kinaisukuma ubavu.

Watu hudharau kiasi cha msukumo huo wa ubavu kwa sababu hauonekani kwa macho. Tufanye hesabu. Tuseme kutoka kilengeo cha nyuma hadi cha mbele ni milimita 200, umbali wa kawaida kwa rivolva yenye mtutu wa inchi sita. Kilengeo cha mbele kikihama milimita moja tu ndani ya mfuo wa kile cha nyuma, kwenye mita 25 risasi inahama milimita 125. Kikihama sehemu ya tano ya milimita, risasi inahama milimita 25. Shabaha ya usahihi ya mita 25 ya shirikisho la kimataifa la michezo ya kulenga shabaha, ISSF, ina duara la kumi lenye kipenyo cha milimita 50. Kwa hiyo sehemu ya tano ya milimita, ambayo ni chini ya unene wa ukucha, inaitoa risasi katikati kabisa na kuifikisha ukingoni mwa kumi. Kidole kinachosukuma ubavu kinafanya hivyo bila jasho, na kinafanya tofauti kila mara kulingana na uchovu na jinsi mkono ulivyotua.

Kuna jambo hapa ambalo wauzaji hawalisemi. Mpini unaweza kuongeza umbali kati ya panda ya mkono na triga. Mbao zinazofunika mgongo wa chuma huusogeza mkono nyuma kadiri utakavyo. Lakini hakuna mpini unaoweza kuusogeza mkono mbele ya chuma chenyewe. Mwenye mkono mkubwa kwenye fremu ya K hurekebishwa na fundi wa mbao kwa siku moja. Mwenye mkono mdogo kwenye fremu ya N hana fundi. Unaweza kuvua mbao za nyuma, ukatumia mpini unaoacha mgongo wa chuma wazi, ukachagua triga yenye uso mwembamba, na baada ya hapo umegonga ukuta. Ndiyo maana mtu akisita kati ya saizi mbili, mimi humwambia achukue ile ndogo.

Na hapa ndipo fremu ya L ilipobuniwa kwa akili sana: mpini wake wa chuma una vipimo vilevile vya K. Waliongeza chuma juu na mbele, kwenye silinda na shingo ya mtutu, wakauacha mkono mahali pake. Mbao za K zinakaa kwenye L. Ruger nao walilitatua tatizo kwa njia yao kwenye GP100: badala ya fremu kushuka kama mpini kamili wa chuma, walishusha kijiti chembamba tu, mpini mzima ukavaa juu yake. Kwa mtu anayechonga mpini wake mwenyewe, uhuru huo ni mkubwa kuliko inavyoonekana kwenye picha.

Anayekoki nyundo kwanza kwa kila risasi ana unafuu fulani. Triga ikishakokiwa husogea nyuma, kwa hiyo fremu iliyoshindwa kwenye mvuto mrefu inaweza kukubali kwenye mvuto mfupi. Wengi hujaribu N kwa kukoki, wakaona inafaa, wakanunua. Lakini nyundo nayo lazima ifikiwe. Kwenye shindano la ISSF la bastola za kaliba kubwa, nusu ya kwanza ni risasi 30 za usahihi, tano tano kwa dakika tano, na hapo muda unatosha kushika upya. Nusu ya pili ni risasi 30 ambazo kila moja hupewa sekunde tatu za kuiona shabaha, na sekunde saba za kusubiri katikati. Ndani ya sekunde hizo saba mwenye rivolva anakoki nyundo kwa gumba la mkono huohuo ulioshika silaha. Gumba likilazimika kujinyoosha, mkono wote unaachia na kushika tena, na kila mshiko mpya ni tofauti kidogo na uliopita. Fremu ya kati inakupa nyundo iliyo karibu. Inaonekana jambo dogo mpaka ufike risasi ya ishirini.

Sasa uzito. Dhana iliyoenea ni kwamba fremu kubwa ni nzito, na silaha nzito hutulia. Sehemu zote mbili za dhana hiyo zinahitaji kupunguzwa makali.

Kwanza, fremu si uzito. Modeli 686 yenye mtutu wa inchi sita, ambayo ni L, ina uzito unaokaribiana na wa Modeli 27 ya inchi sita, ambayo ni N. Zote ziko kwenye kilo moja na robo hivi. Siri ni mtutu: wa 686 una chuma kinene chini yake hadi mdomoni. Uzito uliolala kwenye mtutu, mbele ya mkono, unapunguza mtikisiko wa kilengeo kuliko uzito uleule uliolala kwenye silinda, juu ya ngumi. Hili lilijulikana zamani. Polisi wa Marekani waliposhindana katika mashindano yao ya rivolva, mafundi waliwafungia mitutu minene ya mviringo juu ya fremu ya K. Hawakuhamia N ili kupata uzito. Walibaki na mkono walioujua na silinda nyepesi, wakaweka chuma mahali panapofaa. Na katika ukoo wa Masterpiece wa baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kiwanda kilihakikisha kwamba ya .22, ya .32 na ya .38 zina uzito ule ule zikiwa zimejazwa, kwa kubadilisha upana wa mbavu ya juu ya mtutu. Wazo lilikuwa kwamba mtu abadilishe kaliba bila mkono kujua. Naliheshimu sana wazo hilo.

Pili, silaha nzito hutulia mpaka msuli uchoke. ISSF huweka kikomo cha gramu 1,400, na mtu asidhani kikomo hicho ni mapendekezo. Kwa anayelenga kwa mkono mmoja uliolala sambamba na ardhi, kila gramu mia ya ziada hulipwa na bega. Rivolva ya kilo moja na gramu mia inaweza kukaa tulivu kwa sekunde nane za kulenga katika raundi ya kwanza na pia ya mwisho. Ya kilo moja na gramu mia nne inatulia vizuri zaidi asubuhi, kisha inaanza kuzama polepole chini ya eneo la kulenga, na mlengaji anaanza kuharakisha triga ili amalize kabla haijazama. Kuharakisha huko kunagharimu alama nyingi kuliko mtikisiko wenyewe.

Uzito husaidia kweli dhidi ya msukumo, lakini tazama ni msukumo gani tunaouzungumzia. Risasi ya shabaha ya .38 Special, ile ya kichwa bapa iitwayo wadikata, ina kichwa cha gramu 9.6 kinachotoka kwa takribani mita 215 kwa sekunde. Ukiacha mchango wa gesi ya baruti, silaha ya kilo 1.1 inarudi nyuma kwa karibu mita 1.9 kwa sekunde. Ya kilo 1.3 inarudi kwa mita 1.6. Ya gramu 600, uzito wa rivolva ndogo ya chuma, inarudi kwa mita 3.4. Pengo kati ya ndogo na ya kati ni kubwa mno. Pengo kati ya ya kati na kubwa ni dogo, na hupotea kabisa ukichagua mtutu mnene. Wanaotumia .32 S&W Long yenye kichwa bapa, kaliba iliyopendwa sana kwenye mashindano ya Ulaya, wanapata msukumo mdogo zaidi, na kwao fremu kubwa haina hoja hata moja.

Kimo cha mtutu ni ndugu wa msukumo. Kadiri mtutu unavyokaa juu ya ngumi, ndivyo msukumo unavyopata mkono mrefu wa kuinua mdomo wa silaha. Silinda nene inaupandisha, kwa sababu kwenye rivolva ya kawaida chemba inayofyatua ni ile ya juu kabisa. Emilio Ghisoni, mbunifu wa Italia aliyetengeneza rivolva za Mateba na baadaye kushiriki kuibuni rivolva ya Chiappa Rhino, alikataa kanuni hiyo akafyatua kutoka chemba ya chini. Mtutu ukashuka karibu na mkono. Umbo lake linawashangaza wengi, lakini mantiki yake haina kasoro, na mtu akishaielewa anaelewa pia kwa nini milimita tatu za unene wa ziada wa silinda si jambo la kupuuza.

Unene wenyewe ni huu: silinda ya K ina kipenyo cha karibu milimita 37, ya L karibu 40, ya N zaidi kidogo ya 43. Tofauti inaonekana ndogo. Lakini ukaidi wa gurudumu dhidi ya kuanza na kusimama kuzunguka hukua kwa nguvu ya nne ya kipenyo, urefu ukiwa uleule. Kutoka 37 hadi 43 ukaidi huo unakaribia kuongezeka maradufu, na kama matundu yote ni ya .38, silinda ya N inabaki na chuma kingi zaidi kati ya matundu, hivyo hali ni mbaya kuliko hesabu yangu. Kwenye mvuto mrefu kidole ndicho kinachoizungusha silinda hiyo. Inapofika mahali pake, kijino cha kuifunga kinaidaka, na mshtuko wa kusimama huko huenda moja kwa moja kwenye vilengeo, sehemu ndogo mno ya sekunde kabla nyundo haijaanguka. Silinda nyepesi hufika kimya. Silinda nzito hufika kwa kishindo, na baada ya miaka ya matumizi ya kasi, vishimo vya kufungia huanza kuvimba kingo.

Hapa msomaji makini atanikatiza: mbona Jerry Miculek, mlengaji mashuhuri wa Marekani, Septemba 1999, alifyatua risasi sita, akajaza, akafyatua sita nyingine kwa sekunde 2.99, na rivolva yake ilikuwa Modeli 625, fremu ya N? Ni kweli, na rekodi hiyo naiheshimu. Lakini angalia alichokitafuta. Modeli 625 hutumia .45 ACP, risasi fupi ambazo hushikwa sita pamoja na kibati cha duara na kuingia kwenye silinda kwa mkupuo mmoja. Alinunua kujaza haraka, na fremu kubwa ilikuja na kifurushi hicho. Tena yeye ana mikono mikubwa na mazoezi ambayo yameondoa kwake matatizo ninayoyaeleza. Anayelenga tano kwa dakika tano hanunui chochote katika kifurushi hicho.

Fremu ndogo sitaiongelea kwa urefu. Ina mtutu mfupi kwa kawaida, hivyo umbali kati ya vilengeo ni mdogo. Ukiwa milimita 130, kosa lile la sehemu ya tano ya milimita linakuwa milimita 38 kwenye shabaha. Springi yake ya nyundo ni ya kujiviringisha, iliyobanwa kwenye nafasi finyu, wakati K, L na N hutumia springi bapa ndefu ambayo fundi anaweza kuilainisha vizuri zaidi. Ninachoitetea ni ile ya .22 yenye mtutu mrefu kidogo na vilengeo vinavyorekebishwa, kwa mtu mwenye mkono mdogo sana au kijana anayejifunza chini ya usimamizi. Hapo msukumo haupo, na kidole kinafika bila kuhangaika. Mtu afundishwe kwa silaha inayomtosha kuliko kufundishwa kwa silaha ya bingwa.

Hoja nzito pekee dhidi ya K ni .357 Magnum, risasi yenye nguvu kubwa kuliko .38 Special. Combat Magnum ya mwaka 1955, baadaye Modeli 19, iliingiza kaliba hiyo kwenye fremu ya K, na ili silinda ipate nafasi, shingo ya mtutu inayoingia ndani ya fremu ilikatwa bapa upande wa chini. Pale chuma ni chembamba. Risasi kali zenye vichwa vyepesi vya gramu 8, zikitumiwa kwa wingi, zilipasua mitutu hapo hapo. L ilizaliwa kutokana na nyufa hizo. Kwa hiyo anayetaka silaha moja itakayolenga kwa wadikata wiki nzima na kula Magnum kamili mara kwa mara, achukue L au GP100 au inayofanana nazo, na asijute uzito. Anayelenga tu kwa wadikata hana sababu ya kuiogopa K. Shingo yake haitajua hata kwamba ina udhaifu.

Kuna mchezo mmoja ambao fremu kubwa inastahili kiti chake: kuangusha sanamu za chuma kwa bastola, mchezo uliopata shirika lake nchini Marekani mwaka 1976. Kuku wa chuma wako mita 50, nguruwe 100, bata mzinga 150, kondoo dume 200. Kondoo huyo lazima aangushwe, kumtoboa au kumgusa hakutoshi, na kwa hilo unahitaji uzito na mwendo. Mshindani anaruhusiwa kulala chali na kuegemeza silaha kwenye mguu, anakoki nyundo kila mara, na ana muda wa kutosha. Karibu kila hoja niliyoitoa dhidi ya fremu kubwa inaanguka pale. Rivolva za Dan Wesson zilijipatia jina hapo, kwa sababu mtutu wake umefungwa ndani ya ganda na kukazwa kwa nati mdomoni, hivyo unavutwa pande zote mbili na hutetema kwa namna ileile kila mara.

Yote hayo yakiwa yamesemwa, fremu sahihi haiokoi silinda mbovu. Chemba zote sita zinatakiwa zikae sawasawa nyuma ya mtutu zinapofungwa, na midomo yake iwe na kipenyo kimoja, isiyo finyu kuliko tundu la mtutu. Mwanya kati ya silinda na mtutu uwe karibu milimita 0.1 hadi 0.2 na ulingane pande zote. Vuta triga hadi nyundo iangukie kwenye chemba tupu, triga iendelee kushikiliwa nyuma, kisha ujaribu kuitikisa silinda. Mchezo uwe kidogo sana. Rivolva ya fremu ya kati iliyochakaa sehemu hizo itashindwa na N iliyo nzima, na mimi ningemshauri mtu aichukue hiyo N. Rivolva iliyotumika kwa uangalifu, hata ya miaka ya 1950, mara nyingi hupita vipimo hivi bila shida, na triga zake za zamani zina ulaini ambao mpya nyingi zinahitaji fundi kuufikia.

Aliyebaki kati ya K na L, kwani huko ndiko wengi tunakoishia, aombe kuzijaribu zote mbili kwa risasi ileile ya wadikata, kwa mtindo ule atakaoshindania, na asihukumu kwa raundi ya kwanza. Risasi za mwanzo huonyesha silaha inaweza nini. Afyatue mpaka bega lianze kulalamika, kisha azitenge karatasi za mwisho za kila moja azilinganishe. Matundu yaliyotawanyika juu na chini yanasema uzito umemshinda, na atarudi kwenye K. Matundu yaliyotawanyika kushoto na kulia yanasema kidole hakifiki sawasawa. Kwa kuwa mpini wa chuma wa hizo mbili ni mmoja, kosa hilo litaonekana kwenye zote, na hapo kinachotakiwa ni kubadilisha mbao kabla ya kulipia chochote.